Miguu ya Mama Anayesimama Kazini na Viatu vya Talo

Kaeni vizuri. Wenye mimba wapewe nafasi kwenye mabenchi, na mwenye mutoto anayelia amunyonyeshe, hatusumbuki. Leo hatutasema juu ya malaria wala juu ya uji wa mutoto. Tutasema juu ya miguu yenu.

Nasikia wengine wanacheka. Wanasema: mimi ninalima, navaa kambambili, viatu vya talo vinanihusu nini? Ngoja kidogo, mama. Kati yenu hapa muko wamama wanaofanya kazi kwenye banki, kwenye oteli, kwenye butiki za muji, kwenye biro za kompanyi za telefone. Wengine wanaitwa siku ya posho kupokea wageni kwenye ndoa na mikutano. Na wewe unayelima una binti kwenye masomo. Kesho atamaliza, atatafuta kazi Lubumbashi au Kisangani au Bunia, na siku ya kwanza mukubwa wa kazi atamwambia: hapa kila musichana anavaa viatu vyenye kisigino kirefu. Atakubali, kwa sababu anataka mushahara. Kisha ataanza kuumwa, na atakunyamazia.

Tutofautishe mambo mawili. Kuna mama anayevaa talo siku ya ndoa, saa mbili au tatu, kwa sababu anapenda. Akifika nyumbani anavua, anaweka miguu kwenye beseni ya maji, basi. Huyo sitamugombeza. Kupendeza si kosa. Lakini kuna mama anayeamuriwa kuvaa saa nane kwa siku, siku sita kwa juma, mwaka kwa mwaka, akisimama. Akiumwa hana ruhusa ya kuvua. Huyo wa pili ndiye tunayemusemea leo. Maumivu yake ni ugonjwa wa kazi, sawa na mugongo wa mutu anayebeba magunia. Si uvivu, na si maringo.

Sasa vueni kiatu kimoja, muguse unyayo wenu. Mwili wa mutu mukubwa una mifupa 206. Katika hiyo, 52 iko kwenye miguu miwili, chini ya kifundo: 26 upande huu, 26 upande ule. Ni robo ya mifupa yote ya mwili! Ni mifupa midogo, imefungwa pamoja kwa kamba ngumu, na kati yake kuna viungo vingi, ndiyo sababu muguu unaweza kujikunja ukikanyaga jiwe na kunyooka tena. Ukisimama bila kiatu, kisigino kinabeba sehemu kubwa ya uzito wako, na sehemu ya mbele, ile iliyo chini ya vidole, inabeba iliyobaki. Kisigino kimeumbwa kwa kazi hiyo. Kina mufupa munene na chini yake kuna mafuta kama mutego wa kupokea uzito. Sehemu ya mbele haina nguvu kama hiyo.

Kiatu cha talo kinainua kisigino, na uzito unakimbilia mbele. Wamama wa milimani munajua jambo hili kuliko mimi. Ukishuka mulima na kitunga cha mihogo mugongoni, vidole vinasukumwa mbele, magoti yanatetemeka, na nyama za nyuma ya muguu zinakaza. Ukifika bondeni unapumzika. Mama wa talo yeye anashuka mulima siku nzima na bonde halifiki. Waganga walipima jambo hili kwa mashini. Waliona kwamba talo ya santimeta 7 na nusu inaongeza nguvu inayosukuma sehemu ya mbele ya muguu kwa robo tatu hivi. Talo ya santimeta 2 na nusu inaongeza pia, lakini kidogo tu. Shikeni hiyo, tutairudia.

Na kiatu chenyewe mara nyingi ni chembamba mbele, kama mudomo wa ndege. Muguu wa mutu si mudomo wa ndege. Vidole vitano vinaingizwa mahali pa vidole vitatu, na uzito wote unavisukuma humo. Mutaona nini?

Kwanza ngozi inakuwa ngumu na nene, chini ya vidole na juu yake, pale kiatu kinaposugua. Ni sugulu. Mwili unajikinga tu, kama mukono wa mwenye jembe. Lakini sugulu ya kwenye kidole cha muguu inaota ndani kama musumari, na inachoma.

Kisha kidole kikubwa kinaanza kulala juu ya ndugu yake. Kifundo chake kinatoka nje, upande wa ndani wa muguu, chekundu, kinavimba. Wengine wanazaliwa katika jamaa yenye miguu ya namna hiyo, na hata bila talo wanaweza kuipata. Lakini kiatu chembamba kinaharakisha na kuongeza. Mufupa ukisha kupinda, hakuna pomata wala mafuta ya kuunyoosha, hata kama muuzaji wa soko anaapa. Kiatu kipana kinapunguza maumivu. Kunyoosha mufupa kunahitaji operasyo, na operasyo hiyo inataka majuma mengi ya kupona. Kwa hiyo nawaomba mukione kifundo hicho kikiwa bado kidogo.

Vidole vingine vinajikunja kama nyundo. Kucha ya kidole kikubwa inaingia ndani ya nyama na kutoa usaha. Na wengine wanasema: ninasikia kama kijiwe ndani ya kiatu, nikivua sioni kitu. Hiyo ni mushipa wa maumivu uliobanwa kati ya mifupa, mara nyingi kati ya kidole cha tatu na cha nne. Unachoma kama moto, na vidole vinakufa ganzi.

Nyuma ya muguu pia kuna jambo. Mwaka 2010 watu wa elimu waliandika habari za wamama waliozoea talo kwa miaka. Walipima nyama za shavu la muguu, wakaona nyuzi zake zimekuwa fupi, karibu 13 kwa mia, na mushipa munene unaoshika kisigino umekuwa munene zaidi na mugumu. Ndiyo sababu mama kama huyo akivaa kambambili siku ya Mungu anasema miguu inamuuma kuliko siku za kazi. Anafikiri talo ni nzuri kwake. Sivyo. Mwili umejifupisha kwa kufuata kiatu. Mama huyo asivue talo zote kwa siku moja na kuvaa viatu vya chini kabisa. Ashuke polepole: mwezi huu talo fupi kidogo, mwezi ujao fupi zaidi, na kila siku anyooshe shavu la muguu. Nitawaonyesha.

Magoti na mugongo vinapata pia sehemu yao ya mateso. Na kifundo cha muguu kinateguka kwa urahisi, hasa kwetu, ambako kati ya nyumba na barabara kuna mawe, mitaro na matope ya masika. Kiatu hiki kilitengenezwa kwa sakafu laini.

Wenye mimba, sasa nisikilizeni zaidi.

Wakati wa mimba mwili wenyewe unatengeneza dawa inayolegeza kamba za viungo, ili nyonga ifunguke siku ya kuzaa. Dawa hiyo haichagui. Kamba za muguu nazo zinalegea. Uzito unaongezeka, tumbo linavuta mbele. Unyayo unashuka, muguu unakuwa murefu na mupana. Kwa wamama wengi hausogei tena nyuma kisha kuzaa, zaidi katika mimba ya kwanza. Basi ile hesabu ya kiatu uliyovaa ukiwa musichana si yako tena, mama. Hujanenepa vibaya, na hakuna aliyekuroga. Nunua kiatu kikubwa zaidi, usione haya.

Tumbo linavuta mbele, talo nayo inasukuma mbele, viungo vimelegea: mama anaanguka. Akianguka juu ya tumbo, kondo linaweza kuachana na mahali pake, na hapo mutoto yuko katika hatari, na mama pia. Mwenye mimba kubwa aliyeanguka na kugonga tumbo aje hospitali siku ile ile, hata kama hasikii maumivu. Asingoje kesho, na zaidi akiona damu, au maji, au tumbo linakuwa gumu, au mutoto amenyamaza asiyecheza tena.

Na sasa jambo la kuvimba. Miguu yote miwili ikivimba jioni, kisha ikashuka usiku ukilala, mara nyingi ni kusimama na joto na uzito wa mimba. Lakini uso ukivimba asubuhi, pete ikikataa kutoka kidoleni, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza au nyota, au ukiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, usiseme: ni viatu vya kazi. Hiyo inaweza kuwa damu iliyopanda, na inaua mama na mutoto. Njoo upimwe upesi, mchana au usiku. Vilevile muguu mumoja tu ukivimba, shavu lake likawa na moto na kuuma, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mushipa. Hatari hiyo inakuwa kubwa wakati wa mimba na katika majuma 6 kisha kuzaa. Usikande muguu huo, usiuvute. Uje nao.

Nimesema mengi juu ya kiatu, lakini mukumbuke kwamba kusimama kwenyewe, saa kwa saa, bila kutembea, ni muzigo. Damu ya miguu inarudi juu kwa kusukumwa na nyama za shavu tunapotembea. Ukisimama kama nguzo, damu inalala chini, mishipa inajaa, inakuwa kama kamba za bluu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya musichana wa mapokezi ni kiti! Na kiti si zawadi ya mukubwa wa kazi. Shirika la Kazi la Dunia, lile tunaloita OIT, liliandika mwaka 1964 katika mapatano juu ya afya kwenye biashara na kwenye mabiro kwamba wafanyakazi wapewe viti vya kutosha na nafasi ya kuvitumia. Nashangaa kuona mahali pengi kiti kipo nyuma ya meza, na musichana anakatazwa kukikalia kwa sababu eti wateja watamuona muvivu. Muteja anataka feza zake zihesabiwe vizuri. Hahesabu kama aliyemuhesabia amesimama.

Sasa munaniuliza: amri hii ya talo ilitoka wapi? Watakuambia: ni desturi ya kazi duniani kote. Basi tuangalie dunia inasema nini leo.

Kwanza talo haikuanza kwa wanawake. Watu wa kupanda farasi wa Uajemi, wanaume, walivaa kisigino ili muguu usiteleze kwenye kikanyagio cha farasi. Wakubwa wa Ulaya wakaiga katika miaka ya 1600. Mufalme Louis wa 14 wa Ufaransa alivaa talo nyekundu. Wanaume waliiacha kisha, wakatuachia sisi.

Huko Uingereza, Desemba 2015, musichana mumoja, jina lake Nicola Thorp, alifika kazini kupokea wageni na viatu vya chini. Wakamwambia avae talo ya kati ya santimeta 5 na 10, ama arudi nyumbani bila malipo. Akarudi nyumbani. Kisha akaandika barua kwa bunge, na watu zaidi ya 150,000 wakaitia sahihi. Wabunge wakasikiliza wanawake wengi wakieleza maumivu yao, na mwaka 2017 wakaandika habari hizo. Serikali haikutunga sheria mupya, bali mwaka 2018 ilitoa maelezo kwa wakubwa wa kazi juu ya mavazi.

Kwenye jimbo la British Columbia, nchi ya Kanada, walifanya zaidi. Aprili 2017 serikali ya jimbo ilikataza wakubwa wa kazi kulazimisha wanawake kuvaa talo ndefu. Na kwenye Visiwa vya Filipino, nchi ambamo wasichana wengi wanauza kwenye magazini makubwa wakisimama, wizara ya kazi iliandika amri namba 178 ya mwaka 2017. Nawaelezea hii kwa sababu ni amri ya akili. Inasema mwanamuke asilazimishwe kuvaa talo inayopita inchi moja, ni kusema santimeta 2 na nusu. Inasema tena kwamba wanaosimama wapewe muda wa kupumzika, wapewe viti, na kiatu kisibane vidole. Muliona? Kiatu na kiti pamoja. Na kipimo ni kile kile nilichowaambia mushike.

Huko Japani, mwanamuke aitwaye Yumi Ishikawa, aliyefanya kazi kwenye nyumba ya mazishi, aliandika mwanzo wa 2019 juu ya miguu yake. Katika luga yao neno la kiatu na neno la maumivu yanafanana, kutsu na kutsuu, na wanawake wakatengeneza neno moja kwa hayo mawili. Juni 2019 walipeleka sahihi zaidi ya 18,000 kwa wizara. Waziri alijibu kwamba talo ni jambo linalokubaliwa na watu kama la lazima kazini. Basi haikuisha siku ile. Lakini Aprili 2020 kompanyi kubwa ya ndege ya nchi hiyo, Japan Airlines, iliondoa sheria ya talo kwa wanawake wanaohudumia wasafiri.

Nawapa habari za mbali kwa sababu moja. Desturi hii tuliiga. Wale tuliowaiga wanaiacha, na sisi tunabaki kuilinda kuliko wenyewe.

Kwetu Kongo, sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inamutaka mwenye kazi alinde afya ya wafanyakazi wake, na inamupa mwanamuke majuma 14 ya kupumzika kwa ajili ya kuzaa. Si vibaya mukijua hayo munapokwenda kuongea.

Muende kuongea namna gani? Usiende peke yako siku umekasirika. Muende wawili au watatu, asubuhi, wateja bado hawajawa wengi. Kama kuna delege wa sindika, aende nanyi. Vaa au beba kiatu unachoomba: cheusi, kisafi, kimepigwa rangi, talo pana ya vidole viwili. Mukubwa wa kazi akisikia viatu vya chini anafikiri kambambili. Akiona kwa macho, mara nyingi moyo unatulia. Sema hivi: “Patro, napenda kazi yangu. Kisha saa sita miguu inaniuma, na nahudumia watu na uso wa maumivu. Naomba kiatu hiki, na kiti wakati hakuna muteja.” Mwenye mimba, au mwenye ugonjwa wa miguu, atuombe karatasi hapa; muganga akisha kuangalia miguu anaweza kuandika kwamba usivae talo na usisimame muda murefu.

Siwadanganyi. Kuna mukubwa atakayesema: kama hutaki, nje kuna wasichana kumi wanaongoja. Na mama mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba hawezi kumujibu kwa kiburi. Kwa huyo nina mambo mengine, ya kupunguza muzigo mpaka siku nyingine.

Tembea njia yote ya kwenda na kurudi na viatu vya chini, talo ubebe kwenye mufuko. Hapo umepunguza pengine saa mbili kwa siku, na tena umeepuka mawe. Kazini, ukiwa nyuma ya meza ambako miguu haionekani, vua. Omba basi talo pana badala ya ile kama kijiti. Talo pana inashika ardhi, kifundo hakitetemeki. Badilisha: usivae jozi moja kila siku. Na ukisimama, usisimame kama nguzo. Panda na shuka kwenye vidole, peleka uzito kwa muguu huu, kisha ule.

Kununua kiatu ni elimu. Nenda soko jioni, si asubuhi, kwa maana jioni muguu umekuwa mukubwa. Kabla ya kwenda fanya hivi nyumbani: simama juu ya karatasi bila kiatu, mutoto wako achore muguu kuuzunguka kwa kalamu. Kata karatasi kwa kufuata ule mustari, uende nayo. Weka kiatu juu ya karatasi. Kama karatasi inatoka nje pembeni, kiatu hicho si chako, hata kama muuzaji anasema kitafunguka. Kitafungua ngozi yako. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mukono. Kiatu kilicho kizuri lakini kirefu mno, fundi wa viatu anaweza kukata talo kidogo. Asikate sana, maana unyayo wa kiatu ulipindwa kwa urefu ule.

Jioni, osha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, dakika kumi. Kausha vizuri kati ya vidole. Sugua sugulu polepole kwa jiwe la kusugulia visigino, kidogo kila siku, kisha pakaa mafuta. Usikate sugulu kwa wembe, wala kwa kisu, wala usimupe kijana wa soko aikate! Damu ikitoka, uchafu unaingia. Kucha kata sawasawa, usizungushe pembe. Mwenye ugonjwa wa sukari asijitibu miguu hata kidogo, wala asitumie dawa za sugulu za kuchoma. Kidonda chake kidogo kinaweza kumupeleka kukatwa muguu, na mara nyingi hasikii maumivu ya kumuonya. Aangalie nyayo zake kila jioni, kwa kioo au kwa macho ya mutoto.

Sasa ile ya kunyoosha shavu. Mama mumoja asimame tumuone. Simama mbele ya ukuta, mikono miwili juu ya ukuta. Muguu mumoja mbele, mwingine nyuma. Kisigino cha nyuma kisitoke chini. Piga goti la mbele, la nyuma linyooke. Utasikia shavu linavutwa. Hesabu polepole mpaka 30, kisha badilisha. Mara tatu kila upande, asubuhi na jioni. Inavuta, lakini haipaswi kuuma kama kisu. Mwenye mimba anaweza pia, akishika ukuta vizuri.

Kifundo kikiteguka, kaa chini, weka kitambaa chenye maji ya baridi, funga kwa bandeji bila kubana sana, inua muguu juu ya muto. Usimuite mutu wa kuuvuta siku ile. Kama huwezi kupiga hata hatua nne, au ukiumwa ukigusa mufupa wenyewe, uje tuone kama umevunjika. Uje pia kwa kidonda kisichopona katika juma moja, kwa kucha yenye usaha, kwa wekundu unaopanda muguuni pamoja na homa, na kwa ganzi isiyoondoka.

Hayo ndiyo ya leo. Kabla ya kupima kilo za watoto, kila mutu avue viatu vyote viwili na soksi. Muuguzi atapita na taa kuangalia vidole na visigino, na wale wa sukari ataanza nao. Wenye kazi ya kusimama mukae kwenye benchi la upande wa dirisha, musiende mpaka tumeandika nani anahitaji karatasi ya muganga. Na yule mama wa nyuma aliyeficha miguu chini ya kikwembe, wewe pia.